Mishale ya Bluu

Nyumbani,
3 Machi

Kwako Dada, mkuu wa wodi na wa ukoo mzima,

Shikamoo. Naandika kwa sababu simu tukishika tunagombana kabla hata ya kuulizana hali. Ukianza kufoka, mimi hujitia mtandao umekatika. Karatasi inanivumilia kuliko wewe.

Nimepata kazi. Kamati ya mtaa imeamua kwamba ngazi zetu, hizi hizi zilizotuchubua magoti, ni urithi. Wageni watakuwa wanakuja kuzipanda wenyewe, bila mtu wa kuwaongoza, kijitabu mkononi na macho kwenye mishale iliyochorwa ukutani. Sasa mishale inataka mtu mwenye brashi. Wakatafuta mchora mabango bora mtaa mzima, wakanipata mimi, maana hakuna mwingine. Bi Mwenyekiti alisema rangi iwe bluu. Nimewapa bluu ya kuonekana hata na mtu asiyetaka kuona.

Kijitabu nimekiweka humu ndani ukione. Mgeni anaanzia chini, kwenye geti la soko la zamani. Anapanda Ngazi ya Wapagazi, ile pana yenye vidato vilivyolika katikati. Anakata kushoto Ngazi ya Birika, pale ulipoangusha ndoo ukamsingizia paka. Halafu Ngazi Nyembamba, ambako mtu mnene na mtu mwenye kikapu hawapishani mpaka mmoja arudi kinyumenyume. Mwisho anatokea kwenye kichochoro chetu, mbele ya mlango wetu wa kijani, matembezi yameisha. Nimeona panafaa. Pana kivuli, pana bomba.

Baba hajambo. Anatembea kila siku na chakula kinapanda. Anakusalimu sana.

Mdogo wako,
Brashi


Nyumbani,
21 Machi

Binti yangu,

Salamu zangu zikufikie ukiwa umekaa, si umesimama kama kawaida yenu manesi.

Kazini wamenirudisha. Nilijua tu watanirudisha. Hawa vijana wa siku hizi wanasoma mita za maji wakiwa wamesimama mlangoni, shingo ndefu, mguu mmoja uko tayari kuondoka. Mimi napiga hodi, naingia, nachuchumaa, nafuta kioo kwa kidole gumba ndipo nasoma. Ukisoma hivyo unaijua nyumba. Kwa fundi viatu namba zilikuwa zimepanda, nikamwambia hapa kumeongezeka mtu. Akacheka, akaingia chumbani akaniletea kitoto kichanga nikishike. Kwa yule mjane wa Ngazi ya Birika namba zimeshuka sana. Nikamuuliza, mama, nani ameondoka? Akajifuta macho kwa kanga. Mwanawe amehamia mbali. Nikamwambia amfuate, asikae akimngoja pale dirishani.

Asubuhi nashuka mpaka sokoni. Kushuka si kazi, ngazi zote za mlima huu zinateremka sokoni. Kisha napanda nyumba kwa nyumba, na nikimaliza nafuata mishale ya mdogo wako mpaka mlangoni. Mtoto yule ana akili, ingawa hajui kuchana nywele.

Ukija uniletee soksi nzito za kazini. Kofia ninayo, ile yenye nembo ya idara ya maji, bado inanikaa vizuri. Sisi huku wazima kabisa. Basi ukija usisahau soksi, zile nzito, za kazini.

Baba yako,
Msoma Mita


Kwangu, ghorofa ya nne,
4 Aprili

Brashi,

Sina salamu leo. Nina maswali.

Baba ananiandikia kwamba amerudishwa kazini. Kwa umri ule! Miguu ile! Nilisoma barua yake nikiwa kwenye kantini, nikashindwa kumaliza chai. Nikajituliza, nikasema labda ni kibarua kidogo cha kumchangamsha. Wiki iliyofuata mwenzangu wa wodi ya watoto akarudi likizo. Alikwenda kwetu, Brashi. Alipanda hizo ngazi zako na kijitabu chako. Akanionyesha picha kwenye simu: mzee amevaa kofia ya idara ya maji, amechuchumaa kwenye ua wa watu, wageni wamemzunguka wanacheka. Akaniambia, "Mwisho kabisa mishale inakufikisha mlangoni kwa mzee mmoja mcheshi. Anakukaribisha ndani, anakusomea mita, anakuuliza kwenu mko wangapi!" Sikumwambia kwamba huyo mzee ndiye aliyenilea.

Umemfanya Baba kivutio. Umezipindisha ngazi za watu wote zije zimwage wageni mlangoni petu. Mwenzangu anasema mnara haukuoneshwa hata kwa kidole, na mnara ndio kitu pekee cha maana juu ya mlima ule. Unawauzia nini hapo mlangoni? Soda? Mabango yako?

Niambie kweli, kuna nini huko? Kama kumtunza kumekushinda, sema, nimchukue. Nilisema siku tunamzika Mama na bado nasema: siku Baba atakaposhindwa kukaa huko, atakuja kukaa kwangu. Chumba kipo.

Dada yako


Nyumbani,
11 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara mbili. Ya pili nilikuwa nimesimama, kwa heshima.

Siuzi soda. Siuzi kitu. Baba anapenda wageni na wageni wanampenda, ni hivyo tu. Ile ya kurudi kazini ni utani wake, unamjua mwenyewe, akikaa bure anaota kutu. Majirani wanamkaribisha, wanampa chai, wanacheka naye. Kuna ubaya gani?

Kuhusu mnara, mnara upo tu, hautembei. Anayeutaka atauona hata akiwa sokoni. Mishale iache kama ilivyo, Dada. Nakuomba kama mdogo wako, na ningekuwa hapo ningepiga na magoti. Usiongee na Bi Mwenyekiti. Mengine nitakueleza ukija.

Na hilo la kumchukua lisahau. Afanye nini ghorofa ya nne? Ahesabu magari?

Baba hajambo.

Brashi


Kwangu,
18 Aprili

Brashi,

Barua yako imenikuta nimeshampigia Bi Mwenyekiti. Nilimpigia siku ileile niliyokuandikia. Usinune. Alinisikiliza vizuri, tena alinishukuru. Kumbe na yeye wageni walikuwa wanamlalamikia kwamba matembezi yanaishia kwenye mlango wa mtu. Wataleta mchoraji mwingine abadilishe ile kona ya mwisho, mishale iendelee juu mpaka mnarani. Baba atapumzika na kofia yake kwa amani.

Najua unaniona mnoko. Lakini kuna mtu mmoja katika familia hii lazima awe mnoko, na wewe hujawahi kujitolea.

Soksi za Baba nimezinunua. Nzito, za kijivu.

Dada


Hospitali, kwenye benchi la korido,
2 Mei

Dada,

Kwenye simu nilikuambia ameteleza. Kweli ameteleza. Nyonga imevunjika, wataifunga chuma kesho. Hayo unayajua na uko njiani. Nisiyokuambia nayaandika hapa, ili ukifika nikupe karatasi mkononi nisilazimike kuyasema, maana mdomo wangu umekuwa mzito kama uliotiwa gundi.

Baba anasahau. Alianza mwaka jana. Siku moja hakurudi, nikamkuta amekaa kwenye kidato cha Ngazi ya Birika, ngazi aliyoipanda maisha yake yote ya kazi, ananiuliza kwa adabu kama namfahamu msoma mita mmoja anayeishi karibu na hapa. Nikampeleka kwa daktari. Daktari alisema ugonjwa huu haurudi nyuma, hatua zake ni za mbele tu. Nilirudi naye nyumbani nikiwa nimemshika mkono, yeye akidhani yeye ndiye aliyenishika.

Sikukuambia kwa sababu ya hicho chumba chako. Aliniomba, Dada, siku akili yake iko sawa kabisa: "Usiniache nife mahali ambapo sijui maji yanatoka wapi." Nikamwahidi. Ningekuambia, ungekuja kesho yake na begi.

Kumfungia ndani nilishindwa. Alikuwa anagonga mlango kwa ndani anapiga hodi. Basi nikamwachia. Nilipita kwa majirani mmoja mmoja, nikawaomba wamfungulie na wamwache asome. Fundi viatu hufuta kioo cha mita kila asubuhi ili Baba asisumbuke. Kushuka hapotei. Kupanda ndiko kulikuwa kunamshinda, kila kona anasimama anashangaa. Kamati ilipokuja na kazi ya mishale, mimi sikuwaza wageni hata kidogo. Niliichora kila kona, kwenye urefu wa macho ya Baba, nikaipitisha kwenye nyumba zake zote na kuimalizia nyumbani. Nikamwambia, "Baba, fuata bluu." Hilo hakuwahi kulisahau. Jina langu alilisahau, lakini bluu hapana.

Juzi nilikuwa ng'ambo ya mji nachora bango la duka la dawa. Huyo mchoraji mwingine alikuja asubuhi. Mwisho wa Ngazi Nyembamba, mshale uliokuwa unakata kulia kuja kwetu akaupaka chokaa, akachora mwingine wa kwenda juu. Bluu ileile. Jioni Baba akafuata bluu. Akapita kichochoro chetu hatua chache tu toka mlangoni, akaenda mpaka mnarani, na huko mishale ilipoisha akateremkia upande wa pili, kwenye yale magofu. Tulimtafuta mtaa mzima. Mafundi wa nyaya ndio waliomkuta kesho yake mchana, ndani ya nyumba isiyo na paa, amelala chini ya ukuta. Waliniambia alikuwa na neno moja tu, anauliza mita ya nyumba hii wameificha wapi.

Nakulaumu. Acha niliandike maana nikikuona nitashindwa. Nakulaumu, na najilaumu, na sijui nianze na yupi.

Brashi


Kwangu,
14 Juni

Mdogo wangu,

Tuliagana vibaya. Hata sisemi tuliagana, ulifunga mlango wa gari ukageuka ukaenda. Nilikutazama mpaka ulipoingia ngazini.

Kuna jambo hulijui. Siku ile ya kufika ulidhani nilikuja nyumbani kwa barabara ya juu, ya magari, kama watu wote wenye haraka. Sivyo. Baba alikuwa bado chumba cha upasuaji na hawakuniruhusu kumwona, wewe ukanikabidhi karatasi yako ukatoka nje. Niliisoma, nikachukua kijitabu chako kwenye mkoba, nikaenda sokoni kwenye geti la zamani nikaanza kupanda kama mgeni.

Nilifuata bluu. Ngazi ya Wapagazi magoti yalikuwa yanalia, mimi ninayewaambia wagonjwa wafanye mazoezi. Ngazi ya Birika mjane alikuwa dirishani, akaniuliza kama msoma mita amepatikana. Fundi viatu alikuwa anafuta kioo cha mita. Baba yuko hospitali, na yeye anafuta! Kila kona niliyosimama bila kujua niende wapi, niliinua macho na mshale ulikuwepo, hapo hapo macho yalipotua. Nikaona ulivyofanya. Nikaona umesimama kwenye kila kona ukajiuliza Baba ataangalia wapi.

Mwisho wa Ngazi Nyembamba chokaa ilikuwa nyepesi. Mshale wako wa zamani ulikuwa unaonekana kwa chini, unaelekea nyumbani. Wa juu yake unasema panda. Nilipanda, nilitaka kuona alichokiona. Mandhari ya mnarani ni nzuri, sikatai. Mji wote uko miguuni. Nikatafuta nyumba yetu kwa macho nikaikosa, mimi niliyezaliwa humo. Pale juu nililia kwa sauti. Kulikuwa na mgeni na mkewe wanapigana picha, wakaniazima leso.

Mimi ni nesi. Kwenye barua yake ya Machi aliniomba soksi mara mbili ndani ya mistari michache. Mgonjwa angenifanyia hivyo wodini ningeshtuka papo hapo. Kwa Baba yangu nikacheka, nikaenda kununua soksi.

Hata hivyo nilimchukua, na siombi radhi kwa hilo. Nyonga ile ilihitaji kitanda cha kuinuka, bafu lililo sawa na sakafu na mtu wa kumgeuza. Kwako ni vidato mpaka kufika chooni. Ungevunjika mgongo wewe, tukawa na wagonjwa wawili.

Sasa sikia anavyoendelea. Anatembea na fimbo, vizuri kuliko daktari alivyotarajia. Kichwa ndicho hakijatulia. Nikienda kazini msichana anayemtazama hulazimika kufunga mlango kwa ufunguo, kwa sababu wiki ya kwanza alitoka akapiga hodi kila mlango wa korido. Hapa hakuna wa kumfungulia. Mama wa mkabala aliita mlinzi. Mita za jengo hili ziko chini kabisa nyuma ya mlango wa chuma, mpangaji haruhusiwi kuziona. Nilipomweleza akasema, "Basi hawa watu nitawajuaje?"

Anakaa dirishani na kofia yake. Soksi hajazivaa. Anasema ni za kazini.

Mwandikie. Kama mimi hutaki kuniandikia, mwandikie yeye.

Dada yako


Nyumbani,
20 Julai

Dada, shikamoo,

Barua yako ilinikuta nikiwa na hasira na kuniacha sina. Ukija siku nyingine upite tena njia ya chini. Nitakungoja pale Ngazi Nyembamba na maji ya kunywa.

Bi Mwenyekiti alikuja mwenyewe hapa mlangoni. Alisimama anafuta miwani isiyo na vumbi. Hakuwa anajua, kama wewe, kwa hiyo sikumfokea. Tukaafikiana hivi: mishale ya wageni iwe ya njano na iende mnarani, ya bluu irudi kama ilivyokuwa. Nimeshaichora yote, kila kona miwili miwili. Wamechapa na kijitabu kipya. Ukurasa wa kwanza umeandikwa: "Fuata mishale ya njano. Ya bluu usiifuate, inakwenda nyumbani kwa mtu." Wageni wanaupiga picha ukurasa huo kuliko mnara.

Usifikiri naandika hivi ili kukusukuma. Naona tu rangi isikauke bure kwenye kopo.

Mimi sijambo. Nakula, nalala, kazi zipo. Fundi viatu ananiuliza mpaka nimeanza kupita njia nyingine.

Baba aliniagiza kwenye simu, ile siku alipodhani mimi ni mteja, nimpelekee namba za mita ya nyumba hii. Nimezisoma jana. Nilichuchumaa, nikafuta kioo kwa kidole gumba. Nimeziandika kwenye karatasi ya pembeni kama alivyotufundisha, ile ya mwezi wa mwisho aliyosoma yeye juu, za miezi iliyofuata, nilizozitoa kwenye ankara za maji, chini yake. Mpe.

Brashi


Kwangu,
3 Agosti

Brashi,

Nilimpa karatasi yako asubuhi wakati wa chai. Alikaa nayo mezani siku nzima. Alinidai kalamu, akanifukuza, akaniita tena kuuliza tarehe. Jioni akanikabidhi barua nikupelekee posta, akasisitiza ni ya haraka. Nakutumia kama ilivyo. Hajui inamhusu nani. Mimi najua, na nimekaa nayo jikoni mpaka maji ya chai yakakauka kwenye sufuria.

Nimekunja nguo zake. Nimeomba likizo nije nikae nanyi mwanzo mwanzo, nikufundishe kumwogesha na kumgeuza, na choo tutakitafutia fundi. Njoo umchukue Jumamosi. Tumpitishe barabara ya juu, tuteremke naye taratibu hadi mlangoni. Hizo za chini atazipanda akipona vizuri, nami nitakuwa nyuma yake.

Leo amevaa soksi.

Dada yako

*

Kwa mteja wa nyumba ya mlango wa kijani,

Nimepokea namba zako na nimezipitia kwa makini. Umesoma vizuri, inaonekana kuna mtu alikufundisha.

Bwana mteja, maji ya nyumba yako yameshuka karibu nusu. Bomba halijaziba, lingeziba namba zingeshuka kidogo kidogo. Hizi zimeshuka mara moja, mwezi wa tano. Hapo kwako mlikuwa wawili na sasa uko mmoja.

Nimeingia nyumba nyingi katika kazi hii. Mtu mwenye mita kama yako ukimuuliza husema hajambo, anakula, analala. Sikuulizi. Nakueleza tu kama mzee aliyeyaona haya: huyo aliyeondoka mfuate. Usingoje mita isomwe mwezi mwingine. Kama hajui njia ya kurudi, mwoneshe.

Nitapita kuhakikisha.

Wako katika kazi,
Msoma Mita